Umemaliza Kidato cha Nne? Namna ya kuingia kwa fundi na kutoka na ujuzi unaothibitika

Mtihani wa Kidato cha Nne huisha Novemba, na Kidato cha Tano huanza Julai. Kwa kijana wa Mbeya, Iringa au Njombe, muda huo unatosha kujua kama kazi unaiweza na kushika misingi yake. Wengi huumaliza wakifagia na kumshikia fundi tochi, kwa sababu hakuna aliyepanga wajifunze nini.

Hatua ya 1: Chagua fani ukiangalia msimu

Mvua huku hunyesha Novemba hadi Aprili. Ujenzi husuasua na tofali hazikauki, hivyo anayetaka uashi ni bora aanze Mei. Miezi ya mvua tafuta kazi za chini ya bati: gereji, uchomeleaji, useremala, ushonaji. Malori ya njia ya Tunduma huzipa gereji za Mbeya kazi mwaka mzima. Mafinga ina mbao za msitu wa Sao Hill, kwa hiyo seremala hakosi cha kuranda.

Ushonaji una jambo lake. Desemba na Januari cherehani hazilali kwa sababu ya sare za shule. Utapiga mishono iliyonyooka mpaka mkono uzoee, lakini kukata kitambaa usitegemee kufundishwa kabla ya Februari: fundi hana nafasi, na kitambaa kikikatwa vibaya hakirudi.

Hatua ya 2: Mchunguze fundi

Kaa karakanani asubuhi mbili. Mwanafunzi wa zamani anashika spana, au bado anaosha vipuri tu? Fundi mmoja akiwa na wanafunzi zaidi ya wanne, zamu yako ya kushika kifaa itakuwa haba. Anayechomelea bila miwani mwache, hata kama ada yake ni ndogo.

Hatua ya 3: Andikeni makubaliano

Nenda na mzazi au mlezi. Ukurasa mmoja unatosha: muda, saa za kazi, ada, chakula, na nani analipa kifaa kikiharibika. Kisha orodha ya kazi kumi utakazozijua. Hapo ndipo penye uzito wa karatasi nzima. Kwa gereji anza na kubadili oili na filta, kubadili pedi za breki, kubadili beringi ya tairi, kupima betri, kusafisha plagi. Bila orodha, fundi atakupa kazi inayomfaa yeye siku hiyo.

Ada igawanywe mara tatu, na kila sehemu ilipwe baada ya kazi kadhaa za orodha kukamilika. Ongezeni kipengele kwamba ukipata nafasi ya chuo, miezi iliyobaki hailipwi. Nakala ziwe mbili, zenye sahihi na shahidi.

Kama hujafika miaka 18, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakukinga na ajira ya mazingira hatarishi. Msumeno wa mashine usiuguse, hata ukiambiwa ni mara moja tu.

Hatua ya 4: Weka daftari

Chora safu tano: tarehe, kazi, vifaa, sehemu uliyofanya mwenyewe, sahihi ya fundi. Kila kazi ipite mara tatu: kuona, kufanya fundi akiwa pembeni, kufanya peke yako. Asaini kila Jumamosi. Daftari lililojazwa lote wiki ya mwisho hujulikana kwa wino na mwandiko wa aina moja.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hutathmini ujuzi uliopatikana nje ya darasa na kutoa cheti. Utatakiwa kuonyesha kazi kwa mikono, na daftari litakuonyesha mapema ulipo dhaifu.

Hatua ya 5: Omba chuo kabla ya matokeo

Kozi ndefu za VETA huanza Januari na maombi hufanyika miezi kadhaa kabla. Ukisubiri matokeo utakuta nafasi zimejaa, kwa hiyo kama bado uko shuleni, ulizia fomu mapema. Ngazi ni tatu, na ngazi ya III pamoja na cheti cha Kidato cha Nne hukuwezesha kuomba vyuo vya ufundi vya juu zaidi vinavyosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi.

Anayechagua umeme ajue mapema kwamba cheti peke yake hakitoshi: kufunga nyaya za nyumba kwa jina lako kunahitaji leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.