Motokari ya otomatiki inateremuka hata ikiwa mu P? Anzia kwa kable

Hapa Bukavu fasi sawa ya kupaki ni ya kutafuta, Kadutu ni mlima, Bagira ni mlima, kwa hiyo motokari ikianza kukataa kusimama mu P usiseme utaangalia juma ijayo, kule chini kuko watoto na wamama wenye kuuzisha. Weka mawe kwa matairi leo leo, mbele na nyuma, njo tuongee.

Wengi wanazani P (fasi ya kupaki kwa levye ya gia) ni freni. Hapana. Ndani ya bwati (sanduku ya gia) kuko gia moja yenye meno, inazunguka pamoja na matairi, na kuko kidole kimoja cha chuma. Ukiweka levye mu P, kidole kinaingia katikati ya meno mawili, uzito wote wa motokari unakaa pale. Kama inasogea kidogo tu, sentimita chache, halafu tok, inasimama, ile ni kawaida.

Sasa ipime. Tafuta mteremko mdogo sana, mawe yakae nusu metre mbele ya matairi, wewe uko ndani, zima moteri, weka P, toa freni ya mkono, achilia mguu polepole, na usikilize, maana sauti njo itakuambia shida iko wapi. Ikishuka na tak-tak-tak, kidole kinagusa meno lakini hakifiki mwisho, kanyaga freni mara moja maana kila tak ni chuma kinalika. Ikishuka kimya kabisa, kidole hakijasogea, ao kardani (chuma chenye kuzungusha matairi) imekatika ama imechomoka. Ya kardani ni rahisi kujua: ukiweka D (kwenda mbele) motokari haiendi pia, moteri inalia bure.

Kama D inaenda vizuri, anzia kwa kable, ile kamba ya chuma yenye kutoka kwa levye mpaka kwa bwati. Mimi waliniambia mu garaji moja ninunue bwati ingine nzima, na shida ilikuwa kale kaplastiki ka mwisho wa kable, kamelika, levye ndani inasoma P lakini kule kwa bwati iko bado karibu na R (aryeri, kurudi nyuma). Iliniuma sana, njo maana naandika. Alama zake: taa ya aryeri inabakia kuwaka hata uko mu P, ao ufunguo unakataa kutoka, ao motokari inawaka mu N (gia huru) tu.

Fungua kapo (kifuniko cha moteri), moteri imezimwa, mawe yabane matairi, ndugu mmoja asogeze levye kutoka P mpaka D na kurudi, wewe uangalie kwa bwati pale kable inafungiwa. Kama kable inacheza bure mbele ya mkono wa bwati (kale kachuma kable inasukuma) kusogea, umeipata. Hakikisha kabisa: legeza bulon (bolti) ya kable, sukuma ule mkono wa bwati mpaka mwisho upande wa P, jaribu tena kwa mteremko. Ikisimama, bwati yako ni nzima! Kurekebisha: kutoka mwisho wa P rudisha mkono wa bwati hatua mbili, pale ni N, levye ya ndani pia iweke N, kaza bulon. Lakini plastiki ikiwa imelika ibadirishe, kukaza peke yake haitadumu.

Ukisukuma mpaka mwisho na bado inashuka, shida iko ndani, kidole ao resoru (springi) yake. Mwaga mafuta ya bwati, angalia sumaku ya karteri (bakuli ya mafuta chini ya bwati): unga mweusi laini si kitu, vipande vya chuma ndiyo habari mbaya, pale umuachie fundi wa bwati.

Wenye Pajero ao Land Cruiser, mwanzo muangalie ile levye ndogo ya 4x4. Ikibakia mu N, P haikamati hata kama kila kitu ni kizima.

Na kwa kupaki mlimani: mguu kwa freni, weka N, vuta freni ya mkono, achilia mguu ili motokari ikae juu ya freni, rudisha mguu, njo uweke P. Asubuhi levye itatoka laini. Ikitoka na kishindo, ujue usiku mzima kidole ndicho kilibeba.