Kuchagua Vipuri vya Kompyuta ya Michezo ya Kujiundia: Anzia kwenye Soketi ya Ukutani

Watu wengi wanaofika kwenye meza yangu ya ufundi hapa Kampala huanza kwa kutaja kadi ya michoro, kipuri kinachochora picha za mchezo. Wamekwisha kuitazama kwenye video, wanajua jina lake na hata rangi ya feni zake, na wanachotaka kwangu ni kuambiwa vipuri vingine vyovyote vitakavyoitosha. Mimi huwarudisha nyuma. Huwauliza wanaishi wapi, umeme wa kwao una tabia gani, na skrini waliyo nayo ni ya aina gani, kwa sababu majibu hayo matatu ndiyo yanayoamua kadi ipi itafaa na itadumu. Mwongozo huu unafuata utaratibu huohuo.

Hatua ya 1: Pima umeme wa nyumbani, kisha chagua pawa saplai

Umeme wetu ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, lakini hiyo ni namba ya kwenye karatasi. Jioni, mtaa mzima unapopika na kupiga pasi, volti hushuka; umeme uliokatika unaporudi, mara nyingi hurudi kwa kishindo; na sisi tunaokaa karibu na Ziwa Victoria tumezoea radi za msimu wa mvua. (Wasomaji wa nchi jirani wafahamu kwamba kwetu Umeme lilikuwa pia jina la kampuni iliyosambaza nguvu hiyo kuanzia 2005 hadi mwisho wa Machi 2025, kampuni ya serikali ya UEDCL ilipopokea kazi. Hapa nazungumzia nguvu yenyewe.)

Kipuri kinachokutana na misukosuko hiyo kwanza ni pawa saplai, boksi linaloupokea umeme wa ukutani na kuvigawia vipuri vingine, na ndicho kipuri ambacho mnunuzi wa mara ya kwanza hukibana bei kuliko vyote. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni isikushawishi. Soma kibandiko na utafute mstari wa volti 12, kwa kuwa prosesa (ubongo wa kompyuta) na kadi ya michoro hula karibu nguvu zao zote kutoka hapo, kisha zidisha ampea zilizotajwa kwa 12. Niliwahi kuletewa pawa saplai iliyojiita ya wati 500 huku mstari huo ukionyesha ampea 20 tu, yaani wati 240. Alama ya 80 Plus, hata ya daraja la Bronze, ni dalili nzuri ya kuanzia, ingawa alama hiyo hupima namna umeme unavyotumika bila kupotea kama joto, wala haithibitishi kila kitu kilichomo ndani.

Angalia pia nyuma yake. Pawa saplai za zamani, na nyingine mpya za bei ya chini, zina swichi nyekundu ndogo yenye maandishi 115 na 230. Ikiwa imewekwa kwenye 115 nawe ukaichomeka kwenye soketi yetu, utasikia mlipuko kabla hujaona picha yoyote. Kijana mmoja aliniletea mashine aliyoiunda kwa uangalifu mkubwa, kila waya umefungwa vizuri, akaniambia, “Fundi, niliwasha mara moja tu.” Mara hiyo moja ilitosha. Pawa saplai nzuri za sasa hazina swichi hiyo kwa sababu hujirekebisha zenyewe kati ya volti 100 na 240, na uwezo huo ndio unaozisaidia kuvumilia volti za jioni.

UPS, kifaa chenye betri kinachoishikilia mashine umeme unapokatika, nayo inahitaji hesabu yake. Namba ya VA (volti-ampea) iliyoandikwa juu yake si wati: UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati zisizofika 400, na kwa mzigo wa kompyuta ya michezo hukupa dakika chache tu za kuhifadhi mchezo na kuzima. Umeme unapokatika, UPS za kawaida huchukua milisekunde 4 hadi 10 kuhamia kwenye betri, na pawa saplai iliyotengenezwa kwa kufuata kanuni inapaswa kujishikilia kwa takriban milisekunde 16. Ndiyo maana mtu mwenye UPS nzuri na pawa saplai hafifu huona mashine ikijizima na kuwaka upya kila umeme unapokatika, akailaumu UPS. Ukiweza, nunua UPS inayotoa umeme wa wimbi laini (pure sine wave) badala ya lile la ngazi-ngazi, kwa kuwa baadhi ya pawa saplai za kisasa huligomea hilo la pili. Radi zikianza karibu, hata hivyo, chomoa plagi. Sijaona kifaa cha dukani ninachokiamini zaidi ya mkono wangu mwenyewe.

Mwisho wa hatua hii ni Yaka, mfumo wetu wa kulipia umeme kabla ya kuutumia. Mashine inayovuta wati 300 kwa saa tatu kila usiku hutumia uniti (kilowati-saa) 0.9, ambazo kwa mwezi hufika 27, na hizo peke yake zinapita uniti 15 za kwanza ambazo mtumiaji wa nyumbani hulipia kwa bei nafuu. Weka namba hiyo akilini unapolinganisha kadi mbili zenye nguvu sawa lakini ulaji tofauti.

Hatua ya 2: Tazama skrini kabla ya kutazama kadi

Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zipatazo milioni 2.07, ya 2560 kwa 1440 ina milioni 3.69, na ya 4K ina milioni 8.29, yaani mara nne ya ile ya kwanza. Kila pikseli huchorwa upya katika kila fremu, yaani kila picha moja ya mchezo. Aidha, skrini ya hezi 60, yaani inayobadili picha mara 60 kwa sekunde, huipa kadi takriban milisekunde 16.7 kwa fremu moja, ilhali ya hezi 144 huipa chini ya milisekunde 7. Ikiwa una skrini ya 1080 ya hezi 60 na huna mpango wa kuibadilisha, kadi ya bei kubwa itakuwa ikichora fremu ambazo macho yako hayatazipata. Kwa mteja anayecheza mpira na michezo ya kufyatuliana, mimi hupendekeza skrini ya 1080 ya hezi 144, hata kama itabidi ashuke ngazi moja kwenye kadi.

Hatua ya 3: Sasa chagua kadi ya michoro

Kwa skrini za 1080, kadi tatu hujirudia katika mazungumzo yangu na wateja. Radeon RX 6600 ina kumbukumbu ya GB 8 na hula wati 132. GeForce RTX 4060 ina GB 8 pia na hula wati 115. GeForce RTX 3060 ina GB 12 na hula wati 170. Kwa anayehesabu shilingi, mimi huanza na RX 6600. Kwa anayehesabu uniti za Yaka, RTX 4060. Kwa mwanafunzi atakayetumia mashine hiyohiyo kwa kazi za picha za 3D, RTX 3060 ina hoja yake kwa sababu ya kumbukumbu, ila ahakikishe anauziwa ya GB 12, maana ipo nyingine ya jina hilohilo yenye GB 8 ambayo ni dhaifu kwa kiasi cha kuonekana.

Ukinunua iliyotumika, omba iwashwe mbele yako na ichezeshwe mchezo mzito kwa nusu saa huku joto lake likionekana kwenye skrini. Fungua programu ya GPU-Z: kadi kuukuu iliyobadilishwa jina ili ijidai kuwa GTX 1050 Ti, kwa mfano, programu hiyo huweza kuitambua na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kukupa jibu.

Rudi kwenye pawa saplai ufunge hesabu. RX 6600 ni wati 132, prosesa ya kati hufika takriban 90 ikisukumwa, na vilivyobaki vipe 50. Jumla haifiki 280, kwa hiyo pawa saplai ya kweli ya wati 550 hukuachia nafasi ya kupumua na ya kubadili kadi baadaye.

Hatua ya 4: Prosesa na ubao mama huchaguliwa pamoja

Kosa la hapa ni kununua kimoja leo na kingine mwezi ujao bila kulinganisha soketi, yaani tundu la prosesa kwenye ubao mama, ule ubao unaounganisha vipuri vyote. Ryzen 5 5600, yenye viini sita na nyuzi kumi na mbili, hukaa kwenye soketi ya AM4 na hutumia RAM (kumbukumbu ya muda) ya aina ya DDR4. Ryzen 5 7600 hukaa kwenye AM5, ambayo haikubali RAM nyingine isipokuwa DDR5. Kwa bajeti ya kawaida bado naitetea AM4, kwa kuwa vipuri vyake vilivyotumika vimejaa na bei yake inaeleweka. Mwenye nia ya kuboresha mashine kwa miaka mingi ndiye anayepaswa kwenda AM5.

Ukipata ubao mama wa B450 uliotumika, muulize muuzaji kama BIOS yake, programu ndogo inayoiwasha mashine, imesasishwa kwa ajili ya prosesa za mfululizo wa 5000. Usiposasishwa, prosesa mpya itakaa vizuri kwenye soketi, feni zitazunguka, na skrini itabaki nyeusi. Kwa upande wa Intel, zingatia herufi F mwishoni mwa jina, kama katika Core i5-12400F: maana yake haina michoro ya ndani, na bila kadi huwezi kuona chochote. Ryzen 5 5600 ni vilevile, ilhali 5600G inayo. Mteja anayekusanya fedha kidogokidogo mimi humshauri aanze na 5600G, acheze michezo myepesi, kisha aongeze kadi baada ya miezi.

Wapo wanaopenda kuanza na mashine ya ofisi iliyotumika, ya Dell au HP, na kuipachika kadi. Inawezekana, ila nyingi zina pawa saplai yenye plagi zisizo za kawaida, kwa hiyo usitegemee kuibadilisha. Chagua kadi isiyozidi wati 75, ambazo ndizo tundu la ubao mama hutoa bila waya wa ziada.

Hatua ya 5: RAM na diski

GB 16, kwa vipande viwili vya 8 na si kimoja cha 16, ili prosesa isome kwa njia mbili kwa pamoja. Kwa diski, SSD ya NVMe (aina yenye kasi zaidi) ya TB 1 ikiwezekana, GB 500 ikibidi.

Hatua ya 6: Kesi na vumbi letu

Joto la Kampala si adui mkubwa. Vumbi jekundu la kiangazi ndilo hasa, hususan kwa wanaokaa kando ya barabara ya marramu. Chagua kesi yenye wavu mbele na kichujio kinachotoka kwa mkono, uweke feni nyingi zaidi za kuingiza hewa kuliko za kutoa, ili hewa isivutwe kupitia mianya isiyo na kichujio. Usiiweke sakafuni. Pima pia urefu wa kadi kabla ya kulipia kesi.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kufunga

Kabla ya kuingiza chochote ndani ya kesi, laza ubao mama juu ya boksi lake la karatasi, weka prosesa na kipoozeo chake, RAM katika tundu la pili na la nne kutoka upande wa prosesa, kadi na pawa saplai, kisha washa. Kipuri kibovu kikijulikana hapo, kinarudi dukani siku hiyohiyo pamoja na risiti na boksi. Picha ikionekana, ingia kwenye BIOS uwashe mpangilio wa XMP ili RAM ikimbie kwa kasi uliyoilipia. Na ikiwa skrini inasema hakuna ishara, kabla ya kumpigia fundi, tazama waya wa skrini umechomekwa wapi: unatakiwa uwe kwenye kadi ya michoro, si kwenye ubao mama.