Kabla hujaandika "kalewa"

Mgonjwa anayenuka pombe hufika chumba cha dharura na jibu lake tayari: kalewa, mwacheni alale. Huenda ni kweli. Ila aliyekunywa kwa miaka ana sababu nyingi za kuchanganyikiwa, na ulevi ni mojawapo tu.

Kabla ya zamu, hakikisha kipima sukari kinafanya kazi na vijiti vyake havijaisha. Pombe huzuia ini kutengeneza sukari, na mwenye sukari ya chini huyumba, hutukana na kuzimia kama mlevi yeyote. Hilo ni la dakika moja.

Thiamini, yaani vitamini B1, ndiyo inayosahaulika. Akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu, na pombe huzuia utumbo kuifyonza. Ikiisha hutokea ugonjwa alioueleza Carl Wernicke mwaka 1881: kuchanganyikiwa, macho kukwama au kuchezacheza, na mwendo wa kupepesuka. Ukizisubiri dalili zote tatu utawakosa wengi, kwa sababu wanaozionyesha kwa pamoja ni wachache. Ukishuku tu, tibu. Dozi hupitia mshipani, mara nyingi miligramu 500 mara 3 kwa siku. Vidonge havitoshi, kwa hiyo ulizia famasi mapema kama sindano zipo. Sukari ikiwa imeshuka, usicheleweshe glukosi kwa kuitafuta thiamini, vitolewe pamoja. Anayecheleweshewa anaweza kupoteza kumbukumbu moja kwa moja, akawa anaziba mapengo kwa visa ambavyo yeye mwenyewe anaviamini.

Ndugu wasiondoke kabla hawajaulizwa: mara ya mwisho alikunywa lini? (Kiasi gani, hapo wengi hupunguza.) Degedege za arosto, yaani mwili kuikosa pombe uliyoizoea, huja kwa kawaida kati ya saa 6 na 48 baada ya kuacha. Kuweweseka kwa homa, jasho na kuona visivyokuwepo hufuata kati ya siku ya pili na ya nne. Diazepamu au lorazepamu, dawa za kutuliza degedege hizi, iwe mkononi. Fenitoini, dawa ya kifafa, hata kama mmeizoea, haizuii degedege hizi.

Halafu kichwa. Ubongo wa mnywaji wa miaka mingi husinyaa, mishipa midogo ya damu inayouunganisha na utando wake ikavutika, na anguko dogo likatosha kuvujisha damu ndani ya fuvu bila jeraha la nje. Jua mapema kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, kinapatikana wapi usiku, na nani wa kupigiwa simu. Mlevi huzidi kuamka kadiri saa zinavyopita. Anayezidi kuzama, au aliyelegea upande mmoja, apelekwe mara moja.