Somo: Kuvuka pito la mlima usilolijua

Pito ni ile shingo kati ya vilele viwili, mahali ambapo mgongo wa mlima umeinama ukakubali kuvukwa. Asubuhi ya jua, ukiwa bondeni, unaliona wazi na kuamini huwezi kulikosa. Lakini utalifikia baada ya saa tano au sita, miguu imechoka, pengine ukungu umeshatanda, na upande wa pili hujawahi kuuona. Kwa hiyo somo zima nimelifunga kwenye jambo moja: jua ulipo kila wakati tangu hatua ya kwanza. Anayetoa ramani baada ya kupotea ameitoa kwa kuchelewa.

Hatua ya 1: Ipite njia yote ukiwa bado nyumbani

Tandaza ramani ya skeli ya 1:50,000, au 1:25,000 ukiipata. Katika ya kwanza sentimita moja ni mita 500 ardhini, katika ya pili ni mita 250. Tafuta pito: kushoto na kulia kontua (mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) zinapanda na kujifunga kuwa vilele, mbele na nyuma zinashuka kuelekea mabonde mawili. Kontua zilizobanana ni mwinamo mkali. Zilizogusana ni genge. Kontua zilizojikunja kama V na ncha ikaelekea juu mlimani, hapo pana bonde au kijito. Ncha ikielekea chini, ni mgongo.

Kisha ikate njia vipande, na kila kipande ukiandikie sentensi mbili: nafuata nini, na nitajuaje kwamba nimepitiliza. Kwa mfano: "Nafuata mto ukiwa kushoto kwangu hadi vijito viwili vinapokutana, hapo nashika cha kulia. Nikiona ziwa, nimepitiliza." Sentensi hizo ndizo zitakazokushika mkono ukungu ukishuka.

Piga hesabu ya muda. Mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 12 yenye mita 900 za kupanda ni karibu saa nne. Hapo hujapumzika, hujala, wala hujabeba mzigo mzito, kwa hiyo mimi huongeza nusu yake.

Sasa andika saa ya kugeuka. Iandike kwa kalamu pembeni mwa ramani: "Saa 6 mchana kama hatujafika pitoni, tunarudi." Tazama pia utabiri wa hali ya hewa, na si wa mahali ulipo tu. Oktoba 2014 kimbunga Hudhud kilitua pwani ya mashariki ya India, na siku mbili baadaye mabaki yake yakamwaga theluji nzito kwenye milima ya Nepal. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wao katika eneo la pito la Thorong La, lenye mita 5,416. Tufani ilianzia baharini, mbali kabisa na walipokuwa.

Mwisho, mwachie mtu ratiba: njia gani, mko wangapi, na saa ngapi aanze kuomba msaada asipokusikia.

Hatua ya 2: Vifaa

Sitakaa sana hapa. Ramani ya karatasi ndani ya mfuko usiopitisha maji, dira, filimbi, tochi ya kichwani na betri za akiba, koti la mvua, nguo ya joto ambayo huivai mpaka mkisimama, chakula cha ziada, vifaa vya huduma ya kwanza, na mfuko wa dharura wa kujifunika. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hadi 7 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na upepo wa pitoni huongeza ukali wake. Panapokosekana mtandao wa simu, kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti kina thamani kubwa. Kisajili kabla ya safari, la sivyo waokoaji hawatajua wanamtafuta nani.

Hatua ya 3: Kidole kikae kwenye ramani

Ikunje ramani ibaki kipande unachokipita, uishike mkononi, si ndani ya begi. Igeuze mpaka kaskazini yake ielekee kaskazini ya kweli, kisha weka kidole gumba pale ulipo. Kila ukifika alama, sogeza kidole. Kama huna uhakika wa kukisogeza, simama hapo hapo.

Kumbuka sindano ya dira hufuata kaskazini ya sumaku. Tofauti yake na kaskazini ya ramani huandikwa pembeni mwa ramani, nayo hubadilika kulingana na mahali na mwaka. Kwingine ni karibu sifuri, kwingine inapita nyuzi 20. Ukikosea nyuzi 5 tu, baada ya kilomita moja umeshapotoka karibu mita 90, na hizo zinatosha kukupeleka gengeni.

Rundo la mawe lisikuamulie njia. Huenda aliyelijenga alikuwa anaelekea kwingine, huenda naye alikuwa amepotea. Na kila baada ya muda geuka nyuma utazame: njia ya kurudi haina sura ya njia ya kwenda.

Hatua ya 4: Pitoni

Hapa naomba usisome haraka.

Mgongo wa mlima huwa na mapengo mengi, na pengo la uongo likiwa ndani ya ukungu linafanana sana na lile la kweli. Wakati fulani tulikuwa watatu, tukapanda mpaka pengo lenye rundo la mawe, upepo ukitupiga usoni kutoka upande wa pili. Kila kitu kilisema tumefika. Mwenzetu mmoja alishaanza kushuka. Nikatoa dira, nikaielekeza chini ya mteremko uliokuwa mbele yetu, nikasoma nyuzi 20, yaani karibu na kaskazini. Kwenye ramani, mteremko wa pito letu ulitazama mashariki, nyuzi 80 hivi. Kipima mwinuko nacho kilisoma mita 60 zaidi ya ilivyopasa. Tulikuwa kwenye pengo la jirani, ambalo chini yake kontua zilikuwa zimegusana. Tulipomwita mwenzetu alikuwa ameshuka kama mita ishirini, kokoto zinateleza chini ya viatu vyake na kutumbukia ukunguni, wala hatukusikia zikitua.

Tangu siku ile sishuki pito lolote kabla ya mambo matatu kukubaliana: mwinuko, mwelekeo wa mgongo, na upande ambao mteremko wa mbele unatazama. Hilo la tatu ndilo watu wengi hawalijui, na linachukua nusu dakika. (Kipima mwinuko kinachotumia kanieneo ya hewa kisahihishe kila ukifika mahali ambapo ramani imetaja mwinuko wake, hewa ikibadilika nacho hudanganya.)

Kukiwa na theluji, usikaribie ukingo wa pito ulio upande usio na upepo. Theluji huning'inia pale kama paa lisilo na ukuta chini yake. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo yenye maporomoko mengi ya theluji, hasa baada ya theluji mpya na upepo. Kama hujafunzwa kuipima, geuka urudi.

Hatua ya 5: Kushuka

Watu hukosea zaidi hapa kwa sababu wanahisi kazi imekwisha. Kaa, kula, soma kipande kinachofuata, ndipo ushuke. Usifuate kijito ukidhani kitakufikisha bondeni. Mara nyingi vijito vya milimani huishia kwenye maporomoko ya maji. Mito inayolishwa na barafu hujaa alasiri na kupungua alfajiri, kwa hiyo ukiukuta umejaa, piga kambi uvuke asubuhi. Vukia panapotanuka, fungua mkanda wa kiunoni wa begi, na maji ya kasi yakipita magoti, rudi.

Hatua ya 6: Mambo yakiharibika

Simama, vaa nguo ya joto, kula kitu. Rudi kwa akili hadi alama ya mwisho uliyokuwa na hakika nayo, na kama njia ni salama, irudie kwa miguu. Kuomba msaada: filimbi au mwanga mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Jibu ni mara tatu kwa dakika. Endelea hata ukijibiwa, kwa maana wanaokuja wanaifuata sauti yako.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, simu yangu inaonyesha nilipo hata pasipo na mtandao. Dira ya nini tena?*

Itumie, ni chombo kizuri, nami ninayo. Pakua ramani mapema, zima mtandao, iweke mfuko wa ndani karibu na mwili kwa sababu baridi hunyonya chaji. Lakini skrini iliyolowa haitii vidole, na simu ikianguka mara moja tu juu ya jiwe safari yako imebaki bila macho. Simu ithibitishe kile kidole chako kinachosema.

*Nikiwa mita 3,800 kichwa kiliniuma na nikakosa hamu ya kula. Nilimeza dawa ya maumivu nikaendelea. Nilikosea?*

Ndiyo, ndugu yangu, ulikosea, na nashukuru uko salama. Kichwa kuuma pamoja na kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Usipande zaidi; dalili zisipopungua, shuka. Mtu akiyumba kama mlevi, akichanganyikiwa, au akihema hali amekaa, ashushwe mara moja hata kama ni usiku. Juu ya mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila siku tatu au nne pumzika siku moja.

*Radi ikitukuta karibu na pito?*

Hesabu sekunde kati ya mwanga na mlio: kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, shukeni kutoka mgongoni, mwachiane nafasi, msijikinge chini ya mti uliojitenga wala kwenye tundu dogo la mwamba. Subirini dakika 30 baada ya mlio wa mwisho.

*Saa ya kugeuka imefika, pito linaonekana, na mwenzangu hataki kurudi. Nifanyeje?*

Usibishane naye kuhusu ujasiri. Mpe ramani, mwambie akuonyeshe kwa kidole mlipo, kisha akuhesabie saa zilizobaki kufika juu na kushuka hadi mahali pa kulala, na jua linatua saa ngapi. Mara nyingi atakapomaliza kuhesabu atakuwa ameshafunga begi lake. Asipokubali, msiachane, aliyechoka zaidi ndiye anayeamua, na mnarudi wote.