Somo: Wanafunzi waje na vifaa vyao, ila wafundishwe kabla ya kupewa waifai

Somo hili ni la walimu wa Moshi na Arusha ambao shule zao zimeshakubali wanafunzi waje na kompyuta mpakato, vishikwambi au simu janja. Shule nyingi za serikali bado haziruhusu simu, kwa hiyo kama bodi ya shule haijakaa na kuamua, anzieni huko.

Utaratibu wetu ni mmoja: mwanafunzi hapewi nywila ya waifai mpaka amalize hatua ya 2. Shule ikifungua mtandao kwanza na kanuni zikaja baadaye, kazi ya walimu inakuwa kunyang'anya simu, na kunyang'anya hakumfundishi mtoto lolote kuhusu picha aliyokwisha kuirusha.

Hatua ya 1: Daftari la vifaa

Andika jina, kidato, aina ya kifaa na namba yake. Kwa simu, bonyeza *#06# utapata IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, yenye tarakimu 15. Kwa kompyuta, soma kibandiko cha chini. Usiandike nywila za wanafunzi humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaigusa shule pia, kwa hiyo daftari likae kabatini, ufunguo kwa mtu mmoja.

Hatua ya 2: Vipindi vitatu vya dakika 40

Kipindi cha kwanza ni picha. Kanuni: omba ruhusa kabla ya kupiga, omba tena kabla ya kurusha. Wengi wanashika ya kwanza na kusahau ya pili, na ugomvi mwingi huanzia hapo. Kila mmoja afungue mipangilio ya kamera na kuzima kipengele cha mahali (location), ili picha isibebe mahali ilipopigwa, kisha waangalie picha zao za zamani: nembo ya sweta, namba ya basi la shule, geti nyuma. Waulize mtu asiyewajua angegundua nini.

Cha pili ni lugha kwenye makundi ya darasa. Anayetukanwa asijibu wala asifute. Apige skrinshoti (picha ya skrini) inayoonyesha jina, tarehe na saa, ampelekee mwalimu wa malezi. Ujumbe ukifutwa, mnabaki na neno la huyu dhidi ya yule.

Cha tatu ni ukweli wa habari, na hiki msikikimbize. Tumieni ujumbe wa "matokeo ya NECTA yametoka, bonyeza hapa" unaozunguka kila msimu. Wanafunzi wakiona neno "necta" popote kwenye kiungo wanaridhika. Wafundishe kusoma kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://: hapo lazima paishie necta.go.tz. Kikiongezwa kitu baada ya .tz kabla ya mkwaju huo, hata nukta na neno moja, hiyo ni tovuti ya mtu mwingine.

Hatua ya 3: Mkataba

Ukurasa mmoja, sentensi zisizozidi nane, kwa Kiswahili ili mzazi asome mwenyewe. Wasaini mwanafunzi, mzazi na mwalimu wa darasa.

Hatua ya 4: Mtandao

Ofisi na wanafunzi wasitumie mtandao mmoja. Ruta ya nyumbani huanza kulegea vifaa vikifika thelathini hivi, kwa hiyo gawanyeni kwa madarasa. Kwenye mipangilio ya DNS ya ruta (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba) wekeni 1.1.1.3 na 1.0.0.3 za Cloudflare, zinazozuia tovuti za ngono na programu hasidi. Kichujio hiki hakimgusi anayetumia bando lake, na ndiyo maana hatua ya 2 hairukwi.

Maswali ya walimu na wazazi

*Mwalimu, Njiro:* Wasio na vifaa tuwafanyeje?
*Jibu:* Mwalimu, panga kazi ya wawili kwa skrini moja hata kwa wenye navyo, ili asiye nacho asijulikane. Na kazi ya nyumbani isihitaji intaneti.

*Mzazi, Soweto, Moshi:* Mwalimu anaruhusiwa kupekua simu ya mwanangu?
*Jibu:* Mzazi, tunashauri hapana, isipokuwa kuna lalamiko mahususi na wewe upo. Anaangalia kinacholalamikiwa tu. Liandikwe kwenye mkataba, maana likiachwa wazi kila mwalimu atafanya lake.

*Mwalimu wa nidhamu, Sakina:* Picha ya utupu ya binti wa kidato cha 3 inazunguka shuleni. Tukusanye ushahidi?
*Jibu:* Hapa kanuni ya skrinshoti haitumiki. Msinakili, msitumiane hata kwa nia ya kumwonyesha mkuu wa shule. Kusambaza picha za namna hiyo za mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifaa kizimwe, kifungiwe, kikabidhiwe Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, upate ushauri. Binti asihojiwe mbele ya wenzake wala asisimamishwe masomo: yeye ndiye aliyekosewa. Mzazi wake aambiwe siku hiyohiyo, ana kwa ana.