SOMO: Kukausha maembe Tabora bila kuua vitamini A

Rangi ya njano ya embe ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya macho na kinga. Jua kali huiharibu. Kwa hiyo kuanika juu ya bati ni kupoteza kile unachokitafuta. Tatizo la pili ni kwamba Novemba na Desemba maembe yanaiva huku mvua inanyesha.

1. Chagua dodo au bolibo lililoiva lakini bado gumu. Lililolainika linageuka uji, na ya kienyeji yana nyuzi nyingi.

2. Osha, menya, kata vipande vya nusu sentimita, vyote unene mmoja. Kinene kikichanganyika na chembamba, kinene kitabaki kibichi katikati na kitaota ukungu.

3. Loweka dakika 10 kwenye kikombe 1 cha maji ya ndimu na vikombe 4 vya maji, visiwe vyeusi. Chuja.

4. Panga bila kugusana juu ya wavu safi wa plastiki, ndani ya kikaushio: sanduku la mbao, juu nailoni, matundu ya hewa chini na juu, kitambaa cheusi kufunika matunda. Tafadhali msitumie chandarua kuukuu, kina dawa ya mbu!

5. Geuza mara 2 kwa siku. Siku 2 hadi 3 zinatosha. Kunja kipande: kijikunje bila kuvunjika, na ukikichana kisitoe maji.

6. Jaza chupa theluthi mbili, tikisa kila siku kwa wiki 1. Ukiona mvuke kwenye kioo, rudisha kikaushioni. Kisha hifadhi gizani.

Kilo 10 za maembe hutoa takriban kilo 1.

Maswali ya wanachama

*Mvua ikinyesha siku nzima?*
Usisubiri kesho, vitachacha. Malizia kwenye oveni ya moto mdogo, mlango wazi kidogo.

*Aprikoti kavu za dukani (tunda dogo la rangi ya chungwa) ni bora zaidi?*
Zina potasiamu nyingi kuliko embe, na nyuzinyuzi za kulainisha choo. Zile za rangi ang'avu huwekwa salfa, mwenye pumu aziepuke. Mbegu iliyo ndani ya kokwa la aprikoti msile kabisa, hasa chungu: hutoa sumu ya sianidi.

*Mama ana kisukari, ale?*
Sukari yote ya embe imebaki humo, maji tu ndiyo yametoka. Vipande 2 au 3, pamoja na karanga. Mafuta ya karanga pia ndiyo yanayosaidia karotini kufyonzwa.