Namna ya Kutambua Wiski Inayojifanya ya Uskoti
Usiridhike na picha ya kulungu wala jina lenye neno "Glen" (bonde, neno linalomfanya mtu afikirie Uskoti). Soma lebo ya mbele ya chupa, na usipoyaona maneno "Scotch Whisky", usiilipie bei ya Uskoti. Kwa kanuni za Uingereza za mwaka 2009, wiski haistahili maneno hayo isipokuwa imekenekwa Uskoti na kukomazwa humo humo katika mapipa ya mwaloni kwa miaka isiyopungua 3, tena kilevi chake kisishuke chini ya asilimia 40. Wiski iitwayo Glen Buchenbach ilitengenezwa Ujerumani, na lebo yake ilisema hivyo waziwazi. Hata hivyo mahakama ya Hamburg ililikataa jina hilo mwaka 2019, kwa haki kabisa, kwani mnunuzi husoma jina kwanza.